Kusimama na Aliyedhaniwa Vibaya

 

Ndugu zetu Waislamu, maneno haya yalisemwa katika darsa yetu ya usiku wa Jumatano baada ya sala ya Isha, na baadhi ya waliohudhuria wametaka yachapwe ili yawafikie na wale ambao kazi au umri hauwaruhusu kuja. Nimeyaacha karibu na yalivyokuwa, ila nimeongeza mwishoni jambo moja lililotukia baada ya usiku ule. Naanza na kisa kilichonipata mimi mwenyewe, wala si kisa cha kujisifia.

Mwaka 2015, miezi michache baada ya msiba wa Chuo Kikuu cha Garissa wa tarehe 2 Aprili, ambao waliuawa ndani yake watu 148, nilisafiri kwa basi kutoka Mombasa kwenda Nairobi. Zilikuwa siku nzito. Mwenye kanzu akipita njiani watu walimwangalia mara mbili. Mimi asubuhi ile nilivaa suruali na shati, na kofia yangu nikaikunja nikaitia mfukoni. Nilijiambia kwamba ni kwa sababu ya joto.

Mbele yangu, viti viwili, alikaa kijana wa miaka ishirini au zaidi kidogo, amevaa kanzu na kofia, ana ndevu chache, na chini ya kiti chake ana mkoba mkubwa. Tulipofika mahali pa kupumzika, abiria walishuka wakala, na tuliporudi garini abiria mmoja akauliza kwa sauti, mkoba ule ni wa nani. Kijana akajibu kuwa ni wake. Basi yakaanza manong'ono. Mmoja akasema ni heri ufunguliwe. Mwingine akasema yeye hatasafiri mpaka ufunguliwe. Utingo, ambaye tangu Mombasa alikuwa akicheka na kila mtu, akamwamuru kijana autoe mkoba katikati ya njia na aufungue mbele ya watu. Ndani yake mlikuwa na vitabu, kanzu ya kubadili, na kikopo cha halua alichokuwa akimpelekea shangazi yake. Mtu akasema, "Hata hicho kikopo kifunguliwe." Kijana akakifungua. Vidole vilimtetemeka hata kifuniko kikamponyoka kikaviringika chini ya viti, na watu wakacheka.

Hapo akasimama mama mmoja mtu mzima, mtu wa bara, ana msalaba shingoni, akakibwaga kiondo chake juu ya mkoba wa kijana. Akasema, "Haya, tafuteni na wangu. Mimi na huyu mtoto tumelipa nauli moja. Kama wake umefunguliwa, ifunguliwe yote." Na hakungoja. Akaanza kutoa kitu kimoja kimoja: maembe, nazi, na furushi la samaki wakavu ambao harufu yao ilijaa gari zima. Watu wakacheka tena, lakini kicheko cha namna nyingine. Mwanamume mmoja wa nyuma akauleta na wake. Utingo akaona haya, akasema inatosha, akampigia dereva kelele aondoe gari. Mama akaketi pale pale karibu na kijana, nao wakala halua kwa vidole hata Nairobi.

Na mimi? Mimi nilikuwa na kofia mfukoni. Sikutamka neno. Tuliposhuka Nairobi, wakati wa Alasiri umekwisha ingia, nikaitoa kofia nikaivaa ili niende msikitini, na yule kijana akaniona. Akaniamkia kwa adabu, "Shikamoo, sheikh. Kumbe u katika sisi?" Hakunisema vibaya, wala sauti yake haikuwa na lawama. Lau angenilaumu ningalikuwa na la kujitetea.

Ndugu zangu, tuseme kweli kuhusu ile hofu ya abiria, kwani sisi wenyewe tumezoea kuisema nusu nusu. Haikuzuliwa bure. Tarehe 21 Septemba 2013 watu 67 waliuawa katika duka la Westgate. Tarehe 22 Novemba 2014 basi lililotoka Mandera lilisimamishwa, wasiokuwa Waislamu wakatengwa, na watu 28 wakauawa. Na pale Garissa pia wauaji waliwabagua watu kwa dini zao. Mkristo aliyesikia kwamba wenziwe walitakiwa wasome shahada na walioshindwa wakapigwa risasi, kisha akaona kanzu na mkoba chini ya kiti, hatuwezi kumwambia kwamba yeye ni adui wa dini. Ni mtu aliyetishwa, na waliomtisha walitumia jina la dini yetu. Asiyelikubali jambo hili hatasikilizwa na mtu katika yote atakayosema baadaye.

Lakini hofu hata ikiwa na sababu haiwi haki ya kumdhulumu asiye na kosa. Mwezi wa Aprili 2014 maelfu ya watu, wengi wao Wasomali, walikamatwa katika Eastleigh na mitaa mingine, wakapelekwa uwanja wa Kasarani, na miongoni mwao walikuwamo wazee na wanawake wenye watoto wachanga. Kosa lao kubwa lilikuwa jina na sura. Ziko na nyingine kubwa: uchunguzi wa ziada katika vitambulisho, ambao mwezi wa Februari 2025 Rais alitangaza kuuondoa kwa watu wa kaunti za mpakani baada ya malalamiko ya miaka mingi, na kesi ya hijabu mashuleni, ambayo Mahakama ya Rufani iliamua mwaka 2016 kuwapa haki wasichana wetu, na Mahakama ya Juu ikaitengua hukumu hiyo mwezi wa Januari 2019. Haya yana mawakili wake na wabunge wake, na Mwenyezi Mungu awatie nguvu. Mimi nazungumzia yale madogo ambayo hayana wakili: mlinzi wa mlangoni awapishaye watu kumi bila ya kuwagusa na wa kumi na moja, kwa kuwa ana kilemba, akampapasa hata viatu; mwenye nyumba aliyesema kwenye simu kwamba chumba kipo, na alipoulizwa jina la mpangaji akasema kimechukuliwa; mzaha wa kazini kuhusu bomu, ambao mwenye kufanyiwa alazimika kuucheka ili asionekane mkali. Na fungu kubwa la haya huwafikia wanawake wetu, kwani buibui halikunjwi likatiwa mfukoni.

Sasa baadhi ya ndugu wasema: sisi tunangoja nini kwa watu hawa? Asiyekuwa Muislamu akitutetea leo, kesho atatugeuka. Utetezi wake hauna uzito mbele ya Mungu wala mbele yetu. Maneno haya nimeyasikia barazani, na nimeyasikia, tena mara moja tu namshukuru Mungu, juu ya mimbari. Naomba anayeyasema airudie sira ya Mtume wake.

Katika mwaka wa saba wa utume Makureshi waliandika hati wakaitundika ndani ya Al-Kaaba, kwamba Bani Hashim na Bani Muttalib wasiuziwe wala kununuliwa kitu, wala wasiozwe wala kuolewa, hata wamtoe Muhammad. Wakazingiwa katika bonde la Abu Talib kiasi cha miaka mitatu, hata wakala majani ya miti, na kilio cha watoto kikasikika nje ya bonde. Ni nani aliyeivunja hati ile? Mchwa waliila, ndiyo, wakaacha jina la Mungu. Lakini wapo na watu. Hisham bin Amr, ambaye siku zile hakuwa Muislamu, alikuwa akimpakia ngamia chakula usiku, akifika mdomoni mwa bonde humfungua hatamu akampiga mbavuni ili aingie mwenyewe. Hilo ni tendo la gizani. Kisha akaona halitoshi. Akamwendea Zuhair bin Abi Umayya, akamuuliza vipi yeye ale na kuvaa na hali wajomba zake wako katika hali ile. Zuhair akatoa udhuru ambao kila mmoja wetu aujua: kwamba yeye ni mtu mmoja, na mtu mmoja aweza nini? Hisham akamwambia kuwa wa pili amekwisha patikana. Zuhair akataka wa tatu. Hisham akamwendea Mut'im bin Adiy, naye akatoa udhuru ule ule, akataka wa nne. Akaendewa Abul Bakhtari, akataka wa tano. Akapatikana Zam'a bin Aswad. Watu watano, kila mmoja alikuwa akidhani yu peke yake. Asubuhi yake walisimama katika baraza la Makureshi, mmoja akaanza na wengine wakamwitikia kutoka pembe mbalimbali, na Abu Jahl akabaki akisema kwamba jambo hili limepangwa usiku. Na kweli lilipangwa usiku. Si lazima ushujaa uwe wa ghafula.

Na huyu Mut'im ndiye yule ambaye Mtume, Rehema na amani zimshukie, aliporudi kutoka Taif, amepigwa mawe hata miguu yake ikatoka damu, hakuweza kuingia mji aliozaliwa bila ya mtu wa kumpa himaya. Alipeleka ujumbe kwa wawili, wakatoa udhuru. Mut'im akakubali. Akavaa silaha yeye na wanawe, wakasimama penye Al-Kaaba mbele ya watu wote, mpaka Mtume akatufu akasali akenda nyumbani kwake. Mut'im hakusilimu. Alikufa katika dini ya baba zake kabla ya vita vya Badr. Na baada ya Badr, walipokuwa mateka sabini mikononi mwa Waislamu, Mtume alisema kwamba lau Mut'im angalikuwa hai akawaombea watu wale, angalimwachia wote. Hakusahau. Hakusema kwamba mema ya mshirikina hayana uzito. Basi sisi ni nani?

Yule mama wa samaki wakavu alifanya aliyoyafanya Mut'im, kwa kadiri ya basi.

Wala msidhani kuwa jambo hili ni la upande mmoja. Tarehe 21 Desemba 2015, mwaka ule ule wa safari yangu, basi lililokuwa likielekea Mandera lilishambuliwa karibu na El Wak. Wenye bunduki wakawataka abiria wajitenge kwa dini. Abiria Waislamu wakakataa. Wanawake waliwapa mitandio wenzao Wakristo wajifunike, na watu wakawaambia washambuliaji kwamba ama wawaue wote pamoja ama wawaache wote. Watu wawili waliuawa siku hiyo. Mwalimu Salah Farah, naibu wa mwalimu mkuu katika shule huko Mandera, alipigwa risasi, na mwezi wa Januari 2016 akafariki hospitalini Nairobi. Mwenyezi Mungu amrehemu na amtie katika waja wake wema. Kisa hiki kilitengenezewa filamu fupi, Watu Wote, iliyotoka mwaka 2017, nayo ikafika kushindania tuzo ya Oscar kule Marekani. Nimeuliza katika darsa ni wangapi waliojua jina la mwalimu huyu. Mikono iliyoinuliwa ilikuwa mitatu. Majina ya wauaji tunayajua zaidi.

Fikirini kuhusu mtandio ule. Kitambaa ambacho kwacho mwanamke hukodolewa macho katika basi la Nairobi ndicho kilichostiri roho za watu katika basi la Mandera.

Katika nchi za mbali nako wametokea wenye kusimama. Tarehe 15 Machi 2019, mjini Christchurch katika New Zealand, mtu mmoja aliingia misikiti miwili wakati wa sala ya Ijumaa akawaua watu 51. Ijumaa iliyofuata maelfu ya watu walikusanyika katika bustani iliyo mbele ya msikiti wa Al Noor, wengi wao si Waislamu, na wanawake wengi walijifunika nywele, na adhana ikasikizwa nchi nzima. Wako dada zetu waliosema kuwa kujifunika siku moja ni rahisi, na taabu ni siku ya pili. Nakiri kuwa wana haki. Lakini mwenye msiba akijiwa na jirani na sahani ya ubwabwa, hamwambii kwamba kesho pia atakuwa na njaa. Na wako ambao siku moja iliwatosha kuwamaliza: tarehe 26 Mei 2017, mjini Portland huko Marekani, wasichana wawili, mmoja wao amevaa hijabu, walitukanwa ndani ya treni. Wanaume watatu waliingilia kati, wakachomwa kisu. Wawili wakafa. Walipopanda treni ile walikuwa wakirudi nyumbani tu kama watu wote.

Kwa hiyo simwambii mtu kwamba jambo hili ni salama siku zote. Nasema mara nyingi si ugomvi unaotakiwa. Yule mama hakumtukana utingo, wala hakumwita mtu yeyote mbaguzi. Alikwenda kwa aliyeonewa, akajiweka katika hali yake. Ukimwona dada anasumbuliwa, anza kwa kumsemesha yeye: mwamkie, muulize anashukia wapi, kaa karibu naye kwa heshima. Msumbufu huona kwamba aliyedhani ni peke yake ana watu. Na lililo dogo kuliko hilo ni kuvaa kofia yako. Mwenye kuificha huwaachia wenziwe mzigo wa kuonekana, na hili nalijua vizuri kuliko wengi wenu.

Sasa nije kwenye yale ambayo baadhi ya watu hawakuyapenda usiku ule. Suratul Hujurat, ambayo yatukataza dhana mbaya, na kudharau watu, na kuitana kwa majina ya kuchukiza, haikuanza kwa kuwaambia Makureshi. Yawasemesha walioamini. Na sisi watu wa mwambao, tuna majina mangapi? Mtu wa bara akija kuuza mboga mlangoni twamwitaje, naye bado hajafika mbali asisikie? Mwenzetu aliyesilimu miaka kumi iliyopita, asiyekosa safu ya mbele hata siku moja, bado twasema "yule Muislamu wa juzi", na akija kuposa twaanza kuulizana habari za ukoo. Mlinzi wa duka akimpapasa kijana wetu twasema ni dhuluma. Nasi kijana asiyejulikana akiingia mtaani jioni, mweusi kuliko sisi, ana mkoba, twamwita mwizi kabla hajaamkia. Abu Dharr alikuwa sahaba mkubwa, na alipomtukana mtu kwa weusi wa mama yake, Mtume alimwambia kuwa bado ana ujahilia ndani yake. Na ilipopita jeneza ya Myahudi Mtume alisimama, na alipoambiwa kuwa ni Myahudi akauliza kama hiyo nayo si nafsi. Yeye aliisimamia maiti ya mtu ambaye hakuwa wa dini yake. Wako miongoni mwetu ambao hawamsimamii mwenye uhai.

Hapa ndipo darsa ilipoishia usiku ule. Jambo la kuongeza ni hili.

Siku tatu baadaye tulikuwa barazani baada ya Magharibi, watu sita au saba, na kahawa inapita. Akapita msichana wa kazi wa nyumba ya pili, Mkristo kutoka bara, amebeba maji. Mzee mmoja miongoni mwetu, mtu niliyemjua tangu utotoni na aliyenishika mkono siku ya kwanza nilipopelekwa chuoni, akasema neno juu ya msichana yule na kabila lake. Watu wakacheka kama tulivyozoea kucheka. Msichana akainamisha kichwa, akapita.

Nilihisi kofia kichwani kama kwamba ni jiwe. Nikasema, "Mzee wangu, nisamehe. Neno hilo si zuri, naye amelisikia." Hakuna aliyeniitikia. Nikainuka, nikamwendea msichana penye mlango, nikamwambia, "Mwanangu, tuwie radhi." Aliniangalia kama mtu asiyeamini, akaingia ndani na maji yake.

Niliporudi, mzee alikuwa amekwisha chukua bakora yake. Alisema kwamba mimi nimesoma mpaka nikasahau walionisomesha, akaondoka. Hajahudhuria darsa wiki tatu sasa, naye ndiye aliyekuwa akitusomea uradi. Nimekwenda kwake mara mbili. Mara ya kwanza niliambiwa amelala. Mara ya pili alinifungulia mlango mwenyewe, akanikaribisha kahawa, tukazungumza habari za mvua na za goti lake, na lile jambo hatukuligusa. Jumatano hii nitakwenda tena kabla ya Isha, na yule kijana wa kahawa aliyekuwapo siku ile amesema atanifuata.